Usisubiri mkaguzi wa bima ndipo uokoe vitu vyako
Maji ya mafuriko yakishaingia ndani, wengi huambiwa wasiguse kitu mpaka mkaguzi wa bima afike, eti wakigusa watanyimwa fidia. Si kweli, na ushauri huo unawaponza watu. Kuvu huweza kuanza kuota kwenye magodoro na mazulia ndani ya saa 24 hadi 48, na mikataba mingi humtaka mwenye bima azuie hasara isizidi. Ukikaa tu, unaweza kupunguziwa malipo.

Ijulishe kampuni mapema, kisha piga picha: alama ya maji ukutani, kila chumba, namba iliyo nyuma ya friji. Zulia likiharibika, kata kipande ukihifadhi kama ushahidi kabla ya kulitupa. Picha za familia zilizoshikana usizibandue kwa nguvu, tafadhali. Ziloweke kwenye maji safi ya baridi ziachiane zenyewe, au zigandishe kwenye friza mpaka upate nafasi.

Na bima ya kawaida ya nyumba? Mara nyingi hulipia bomba lililopasuka ghafla, lakini maji ya mto uliofurika huenda yakahitaji kinga yake ya ziada, kutegemea mkataba. Kasome sehemu ya visivyolipiwa.