Usinunue kifaa cha kusomea vitabu kabla ya kuuliza duka lake

Tangu vifaa vilivyotumika vya kusomea vitabu vya kidijitali vianze kuuzwa karibu na stendi hapa Moshi, malalamiko yameongezeka mezani kwetu. Mengi yana chanzo kimoja: mnunuzi amepatana bei ya kioo, duka la vitabu lililomo ndani, yaani la mtandaoni ambalo kifaa kimeunganishwa nalo, hakuliuliza.

Vioo havipishani sana. Kindle na Kobo, aina mbili za vifaa hivi, hutumia teknolojia ya E Ink, yaani wino wa kielektroniki, inayosomeka juani na kula chaji kidogo. Ushindani uko dukani. Amazon ilitoa Kindle mwaka 2007 ikiwa tayari na wateja wa vitabu, ikawauzia kwa mfumo wake yenyewe. Kobo ya Kanada, ambayo sasa ni mali ya Rakuten ya Japani, ilishika EPUB, mfumo unaofunguka kwenye vifaa vingi, ikapitia kwa wauza vitabu kama Fnac wa Ufaransa. Sony iliwatangulia wote. Hata hivyo duka lake la vitabu Marekani lilifungwa mwaka 2014, wateja wakahamishiwa Kobo.

Kwa hiyo jamani, tuliache lile la "kitabu cha Kindle nimekilipia, kwa nini hakifunguki kwenye Kobo?" Ulicholipia ni ruhusa ya kusoma ndani ya mfumo ule. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu ndani ya Kindle za wateja kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo, ikawarudishia fedha.

Wiki iliyopita mwalimu wa Kibosho alituletea Kindle ambayo juu ya skrini ina jina la mtu asiyemjua. Utaratibu ni huu: ukiwa mbele ya muuzaji, ingia kwenye mipangilio, futa usajili wa zamani, sajili kwa barua pepe yako, ndipo utoe hela. Ikigoma, acha, kifaa kilichoripotiwa kuibwa kinaweza kukataliwa usajili. Dai risiti ya EFD inayotaja kifaa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini bila risiti utathibitisha nini?

Wanaojaza vitabu kwa flashi na kuviuza wajue kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatoa faini, kifungo au vyote viwili.

Mwenye Kindle asiitupe. Tangu 2022, huduma ya kutuma nyaraka kwenye Kindle inapokea EPUB isiyofungwa kwa kufuli la kidijitali la muuzaji. Njoo nayo ikiwa na chaji, tutakuonyesha.