Matokeo yanachelewa wapi? Idara inavyofunga semista

Semista ikiisha, wanafunzi huamini matokeo yamechelewa kwa sababu kuna mwalimu amelalia vitabu vya majibu. Wapo wanaolalia, sikatai. Lakini mimi ni mratibu wa mitihani katika idara ya Kiswahili ya chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, na ninachokiona kila mwaka ni kwamba mtihani wa mwisho husahihishwa ukaisha, halafu tunakaa tukisubiri CA, yaani tathmini endelevu. Alama za majaribio, semina na insha, zile arobaini ambazo mwanafunzi alitakiwa awe amezijua kabla hajaingia kwenye chumba cha mtihani, ndizo zinazotukwamisha.

Naandika haya kwa sababu mwenzangu wa idara jirani amekabidhiwa uratibu na ameniuliza aanzie wapi. Nilimwambia aanze na CA, tena wiki ya kwanza ya semista, wakati hakuna anayetaka kusikia habari za mitihani.

Kwetu kozi nyingi zina alama 40 za CA na 60 za mtihani wa chuo. Mtihani una ulinzi wa kila aina. Una tarehe moja, chumba kimoja, karatasi ya mahudhurio yenye saini, bahasha iliyofungwa, na msimamizi anayehesabu vitabu kabla hajaruhusu mtu kutoka. Karatasi ya mahudhurio ikisema 412 na vitabu vikawa 411, tunalijua hilo hapo hapo ukumbini na mlango haufunguliwi. CA haina ulinzi huo. Darasa la wanafunzi mia nne na zaidi hugawanywa makundi ya semina, kila kundi chini ya mkufunzi msaidizi wake, na kila mkufunzi ana faili lake kwenye kompyuta yake. Mmoja anaandika namba za usajili, mwingine anaandika majina. Majina yetu nayo mnayajua: Neema John wanaweza kuwa watatu darasa moja. Katikati ya semista mkufunzi mmoja anapata ufadhili na kwenda masomoni, na faili linaondoka naye. Wanafunzi nao wanahama makundi kimya kimya kwa sababu semina inagongana na kozi nyingine, kwa hiyo jaribio la kwanza la mtu liko kwa mkufunzi huyu na la pili liko kwa yule.

Sasa chukua karatasi ya alama inayoletwa mezani kwangu. Mstari mmoja una namba ya usajili, jaribio la kwanza 11, jaribio la pili patupu, semina 7. Pale patupu pana maana nyingi. Huenda mwanafunzi hakufanya jaribio. Huenda alifanya na karatasi yake haijaonekana. Huenda aliugua na barua ya hospitali iko kwenye faili la mkuu wa idara. Huenda alifanya kwenye kundi jingine, au aliahirisha masomo mwezi wa pili na jina halijaondolewa. Mfumo haujui lolote kati ya haya, unajua tu kwamba hapajajazwa, na unagoma kutoa gredi. Hapo ndipo mwalimu aliyechoka anapojaza sifuri ili kazi iende. Mimi hilo nalikataa kabisa. Sifuri ni alama, maana yake mtu alifanya akakosa yote, na ikishapita vikaoni kuitoa ni barua, kikao na maelezo. Pakiachwa patupu, angalau panaonekana. Kwetu nimeweka utaratibu kwamba pengo lolote liandikiwe sababu pembeni kwa maneno, hata kama sababu yenyewe ni “tunamtafuta”.

Dawa yake wala haihitaji mfumo mpya. CA ibandikwe ubaoni au iwekwe kwenye mfumo kwa namba za usajili kabla wiki ya mitihani haijaanza, na kila mwanafunzi akague yake na kusaini. Mwanafunzi ndiye mkaguzi makini kuliko wote wa alama zake, na hadai posho. Pengo likigunduliwa wiki ya 13 mkufunzi bado yupo, karatasi bado ziko kabatini na mwanafunzi bado yuko hosteli. Likigunduliwa mwezi wa nane, mwanafunzi yuko kwao Sumbawanga anapiga simu kila asubuhi, na karatasi hakuna anayejua ziko kabati gani.

Kuna jambo jingine dogo ambalo waratibu wapya hawaambiwi, nalo ni kukadiria desimali. Tuseme mwanafunzi ana CA 15.5 na mtihani 23.5. Ukijumlisha kwanza, jumla ni 39, na kwetu 39 ni D, maana yake sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukikadiria kila kipande kwanza, unapata 16 na 24, jumla 40, yaani C, amefaulu. Mwanafunzi ni yuleyule na alama ni zilezile, lakini mmoja anarudi chuoni mwezi wa tisa kufanya sapu na mwingine anabaki nyumbani. Walimu wawili wa idara moja wanaweza kuwa wanafanya hivi tofauti kwa miaka bila mtu kugundua, kwa sababu kila mmoja ana fomula yake kwenye jedwali lake. Ndiyo maana nasambaza jedwali moja kwa kozi zote, fomula imefungwa: jumlisha kwanza, kadiria mara moja mwishoni. Mwalimu asiyelitaka aje tuzungumze, lakini alama zake zitaingia kwa jedwali hilo.

Na uzito wa alama moja si mdogo kama watu wanavyodhani. Kwa viwango vya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo una krediti 120, takriban 60 kwa semista. Kozi ya krediti 12 ikishuka kutoka C kwenda D, kwa mfumo wetu ambao A ni pointi 5, C ni pointi 2 na D ni pointi 1, mwanafunzi anapoteza pointi moja kwa kila krediti, yaani pointi 12. Gawanya kwa 60, GPA ya semista, yaani wastani wa pointi zake, imeshuka kwa 0.2. Na kwa kuwa kwetu GPA inakatwa kwenye desimali moja, haikadiriwi, 3.49 inabaki 3.4 na daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Nimewahi kusikia mwalimu akisema “alama moja haiui”. Pale kwenye mpaka inaua.

Kusahihisha kwenyewe sitakusemea sana. Kwa madarasa makubwa tunakaa chumba kimoja, kila mtu na swali lake, vitabu vinazunguka. Kazi inakwenda haraka na hakuna mwanafunzi anayeangukia kwa mwalimu mkali peke yake. Ugumu wa semista ya pili uko kwenye kalenda. Wanafunzi wetu wengi ni wa ualimu, na mitihani ya Julai ikiisha tu wanakwenda mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Walimu wa chuo wanapangiwa mikoa kwenda kuwakagua. Kwa hiyo wiki ileile ninayohitaji vitabu visahihishwe, nusu ya idara iko njiani kwenda Kigoma, Mtwara na Manyara. Kishawishi ni kubeba vitabu kwenye gari. Visibebwe. Vitabu havitoki idarani. Mwenye safari anapewa swali lake mapema, au anapangiwa mkoa wa awamu ya pili. Mkuu wa idara akae na mratibu wa mazoezi ya kufundisha mwezi Mei, wapange orodha hizo mbili zikiwa mezani pamoja. Kila ofisi ikipanga orodha yake peke yake, mtu mmoja atatakiwa sehemu mbili kwa siku moja.

Alama zikiingia, zinaanza kupanda ngazi: kikao cha idara, bodi ya ndaki, kamati ya seneti, kisha seneti. Cha idara ndicho ninachokithamini, maana ndicho pekee ambacho waliomo wanazijua kozi. Huko juu wanaangalia asilimia. Sisi tunaweza kuuliza kwa nini kozi ya fonolojia ina A nne wakati ya fasihi simulizi ina A mia, na aliyefundisha yupo, anajibu. Sipendi mtindo wa kuongeza alama kwa darasa zima ili grafu ipendeze. Swali likiwa bovu, liondolewe na alama zigawiwe upya kwa maswali yanayobaki, na sababu iandikwe kwenye muhtasari. Mtahini wa nje akija atauliza, na muhtasari ndio utakaomjibu. Yeye huomba aone vitabu vya juu, vya kati, vya chini na vyote vya mpakani, kwa hiyo vitengwe wakati wa kusahihisha, si usiku wa kuamkia siku anayofika.

Finalisti kwanza, siku zote. Jina la mhitimu likikosekana kwenye orodha ya seneti, anakosa mahafali na huenda anakosa na ajira. Baada yao ni wanaoendelea na masomo, hasa wenye mkopo, kwa sababu Bodi ya Mikopo inahitaji kuletewa matokeo na chuo ndipo iendelee kumlipa mtu mwaka unaofuata. Mwanafunzi ambaye matokeo yake hayajakamilika anaripoti Oktoba, wenzake wanasaini boom, yaani fedha za mkopo za kujikimu, yeye anazunguka maofisini na begi mgongoni. Mara nyingi tatizo lake ni lile pengo moja la jaribio la pili.

Wakati haya yote yanaendelea, semista ijayo inatakiwa iwe imeshapangwa, na hapa ndipo idara nyingi zinapojichanganya. Zinasubiri matokeo yaishe ndipo zigawe kozi. Mgawo wa kozi haungoji matokeo, unahitaji majibu ya maswali mawili tu: nani atakuwepo, na darasa litakuwa kubwa kiasi gani. Nani amepata ufadhili wa uzamivu, nani anastaafu Desemba, nani anajifungua, nani ameazimwa wizarani. Pakibaki kozi isiyo na mtu, inabidi kutafuta mwalimu wa muda, na mwalimu wa muda ni fedha. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni. Kama hakuwekwa kwenye bajeti, Oktoba utakuta kozi ina wanafunzi mia tatu na haina mwalimu, na ataongezewa mtu ambaye mzigo wake tayari umezidi. Siku hizi mzigo huo nao lazima ufanane na alichojaza kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya OPRAS, kwa hiyo kumbadilishia mtu kozi katikati ya mwaka ni kumpa kazi nyingine ya makaratasi.

Ratiba ndiyo sehemu ninayoipenda, sijui kwa nini, pengine kwa sababu ina jibu. Mwanafunzi wa ualimu ana masomo mawili ya kufundishia: Kiswahili na Historia, Kiswahili na Jiografia, Kiswahili na Kiingereza. Juu yake kuna kozi za elimu ambazo wote wanazisoma. Kila idara ikijipangia muda, hizo kozi za elimu, zenye watu wengi kuliko zote na zinazotaka kumbi chache zilizopo, ndizo zitakazogongana na kila mtu. Ziwekwe kwanza, kila mmoja azione, ndipo sisi tujaze palipobaki. Kabla ratiba haijapelekwa juu, mimi huchukua namba za usajili za wanafunzi wachache, mmoja kwa kila mchanganyiko wa masomo, na kufuatilia wiki yao Jumatatu hadi Ijumaa kwa kalamu. Programu ya ratiba inaona chumba kikigongana na mwalimu akigongana. Haimwoni mwanafunzi anayetoka saa nane mchana ukumbi wa chini na kutakiwa awe mlimani saa nane hiyohiyo.

La mwisho kwa mwenzangu ni la sapu. Zinafanyika mwezi wa tisa, wakati walimu wametawanyika, na kila mwaka kuna karatasi ya sapu inayotungwa kwa simu usiku wa manane. Mtake kila mwalimu alete mitihani miwili kwa pamoja wiki ya nane ya semista, ule mkuu na ule wa sapu, yote ikiwa na mwongozo wa kusahihishia, ili ihakikiwe kwa kikao kimoja. Atalalamika kwamba hajui kama kuna atakayefeli. Mwambie ailete tu. Wasipofeli, karatasi ya sapu inabaki kwenye sefu.