Funzo la hadithi si maoni ya mtoto

Swali ninaloulizwa na wazazi kuliko yote katika maktaba ya shule ni hili: "Mwalimu, mbona hajaandika hadithi inatufundisha nini?" Wanakuwa wameshika daftari la usomaji la mtoto, na wanadhani kazi haijakamilika. Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo. Leo nalijibu kwa maandishi, kwa sababu nyuma yake ipo dhana inayowanyamazisha watoto wetu.

Dhana: maoni ya mtoto ni muhtasari wa hadithi pamoja na funzo lake.

Hapana. Muhtasari unaeleza kilichotokea kitabuni. Funzo ni lile ambalo mwandishi alitaka tuondoke nalo. Maoni ni ya msomaji mwenyewe: kimempendeza nini, kimemkera nini, na kwa nini. Mtoto anaweza kutoa muhtasari safi kabisa bila kuwa na maoni yoyote, na funzo anaweza kuliandika bila hata kufungua kitabu. Madaftari yamejaa sentensi hii: "Kitabu hiki ni kizuri. Kinatufundisha tusiwe wachoyo." Badilisha jina la kitabu, sentensi inabaki ile ile. Wapo wanaoiandika baada ya kutazama jalada tu, na wanapigiwa vema.

Wameitoa kwetu. Maswali ya ufahamu mara nyingi huishia kwenye funzo, na kwenye mtihani jibu sahihi ni moja. Mtoto ana akili. Anajua mkubwa anataka kusikia nini, basi anampa hilo.

Muulize kwa namna nyingine uone. Msichana wa darasa la tatu aliniletea sentensi hiyo hiyo kuhusu hadithi ya Sungura na Fisi: wameiba nyama pamoja, Sungura akatoroka, Fisi akakamatwa. Nikamwambia afunike daftari, anionyeshe ukurasa uliomkera. Hakupekua. Alifungua moja kwa moja penye picha ya Fisi amefungwa kamba mtini. "Hapa. Wameiba wote wawili, mbona anachapwa Fisi peke yake? Na Sungura hata hajaomba msamaha." Nikamuuliza, funzo je? Akasema kitabu kinataka tusiwe wajinga kama Fisi, ila yeye hakubali. Hayo sasa ndiyo maoni! Ametoa hukumu, ametaja sababu, ameonyesha ukurasa, tena amembishia mwandishi.

Kwa hiyo mzazi, achana na "umejifunza nini?" Sema "nionyeshe ukurasa": uliokuchekesha, uliokuchosha, ambao ungeufuta ungekuwa wewe mwandishi. Aliyesoma ataupata, ambaye hajasoma utamjua bila kumgombeza. Ukishauliza, nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtoto anatafuta maneno, na mkubwa hawezi kuvumilia kimya kidogo, anamrukia: "Si ulimpenda Sungura kwa sababu ni mjanja?" Umeshamjibia. Atasema ndiyo, na mazungumzo yameishia hapo.

Dhana: mtoto anayesema kitabu ni kibaya hana adabu, au ni mvivu wa kusoma.

Anayesema "kinachosha, mpaka ukurasa wa 10 hakuna kilichotokea" amesoma kurasa 10 kwa makini. Mimi hunipa wasiwasi yule anayesifu kila kitabu.

Dhana: asubiri kwanza ajue kuandika, tena aandike kwa Kiingereza.

Wa darasa la kwanza bado anahangaika na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini kusema anajua. Achore, aigize, aseme kwa Kisukuma kama ndicho cha nyumbani. Na kitabu cha Kiingereza kinaweza kubishaniwa kwa Kiswahili. Najua wazazi wa shule za mchepuo wa Kiingereza hawapendi kusikia hivi, lakini mtoto asiye na maneno ya kutosha hukimbilia sentensi aliyokariri, na tunarudi kule kule kwenye "kitabu ni kizuri".

Dhana: ni mtoto tu, maoni yake hayana uzito.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, sawa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 katika ibara ya 12. Wachapishaji makini nao wanalijua hili kwa faida yao. Mwaka 1936 mchapishaji wa London, Stanley Unwin, alimpa mwanawe Rayner, mwenye miaka 10, mswada wa *The Hobbit*, hadithi ya watoto ya J.R.R. Tolkien, autolee maoni kwa ujira wa shilingi moja. Rayner aliusifu, akasema utawafaa watoto wa miaka 5 hadi 9. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata, na mpaka leo kinasomwa.

Shule zetu zinaweza kufanya hivyo bila gharama kubwa. Kabla ya kununua nakala 40 za kitabu kwa ajili ya maktaba, nunueni moja. Wapeni watoto watano waisome kwa zamu, kila mmoja ataje ukurasa aliourudia na ule alioruka, na mkuu wa shule akae nao awasikilize kabla ya kusaini malipo.