Mpaka wa jimbo na nafasi ya mtoto wako chuoni

Mama mmoja wa Louisville, Kentucky, aliyeingia Marekani na familia yake kutoka Kivu, aliniuliza swali ambalo wazazi wengi wanatembea nalo. "Mwalimu, mtoto wa dada yangu yuko Greensboro. Alama zake na za binti yangu ni sawasawa, pengine wa kwangu kamzidi. Yule kapokelewa Chapel Hill. Wa kwangu naye si atapata?"

Nilimwomba tukae kwanza, maana jibu lake lina hesabu, na hesabu hiyo haimo kwenye picha nzuri za tovuti ya chuo. Greensboro iko North Carolina, jimbo lenye chuo hicho cha Chapel Hill, Louisville haiko. Mabinti wale wawili wana alama zinazolingana, lakini hawasimami foleni moja.

Vyuo vikuu vya umma Marekani ni vya majimbo, si vya serikali kuu ya Washington. Kodi ya wakazi wa jimbo ndiyo iliyovijenga, na wabunge wa jimbo hawachoki kuuliza: watoto wetu wangapi wameingia? Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill kimewekewa kikomo tangu 1986: wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza kutoka nje ya jimbo wasizidi asilimia 18. Kikomo hicho kina meno, kwa kuwa chuo kimewahi kukatwa fedha kwa kukivuka. Texas nayo ina sheria inayotenga asilimia 90 ya nafasi za mwaka wa kwanza za University of Texas pale Austin (UT Austin) kwa wakazi wa Texas, na sehemu kubwa ya nafasi hizo huchukuliwa moja kwa moja na wanaoongoza madarasa yao ya sekondari humo jimboni, utaratibu ulioanza na sheria ya 1997. California ilichelewa. Baada ya mdororo wa uchumi wa 2008 jimbo lilipunguza ruzuku, vyuo vikafuata ada kubwa ya wanafunzi wa nje, wazazi wa California wakalalamika, na mwaka 2017 bodi ya University of California ikapitisha kikomo chake cha kwanza kwa wanafunzi wa nje. Michigan haina kikomo cha namna hiyo, na karibu nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wa University of Michigan pale Ann Arbor hutoka nje ya jimbo.

Sasa tufanye hesabu ya Chapel Hill. Tuseme darasa jipya lina wanafunzi 5,000. Asilimia 18 yake ni 900, na hao 900 ndio watakaotoka katika majimbo mengine yote 49 na nchi za nje. Wanaoomba kutoka nje ni wengi kuliko wanaoomba kutoka ndani, tena kwa mbali. Ukisoma mahali kwamba chuo hicho hupokea kati ya 15 na 20 kwa kila waombaji 100, hiyo ni namba ya makundi mawili yaliyochanganywa. Kwa miaka ya karibuni mkazi wa North Carolina amekuwa na nafasi ya karibu wanne kwa kumi. Wa nje ni mmoja kwa kumi hivi, na miaka mingine hata huyo mmoja hatimii. Namba ya katikati haimhusu yeyote kati ya mabinti wale wawili.

Huo ndio msingi wa kazi yote ya kupima nafasi: kabla hujauliza alama, uliza mtoto yuko kundi gani.

Namba za kila kundi zinapatikana bure. Vyuo vingi hutoa kila mwaka hati iitwayo Common Data Set. Andika jina hilo pamoja na jina la chuo kwenye mtandao, utaipata. Ni hati kavu, ya majedwali matupu, lakini mimi naiamini kuliko orodha zote za "vyuo bora". Nenda sehemu C. Mwanzoni utakuta walioomba, waliopokelewa na waliojiandikisha, na katika matoleo ya karibuni vyuo vingi vimeanza kuwatenga wakazi, wa nje na wa kimataifa. Gawa waliopokelewa wa kundi lako kwa walioomba wa kundi hilo hilo. Jedwali la C7 linataja mambo ambayo chuo hutazama, na kila kimoja kimewekewa uzito wake: muhimu sana, muhimu, huzingatiwa, hakizingatiwi. Humo tafuta mstari wa ukazi wa jimbo. C9 ina alama za waliojiunga katika SAT na ACT, mitihani ya kuombea nafasi chuoni.

Hapo kwenye C9 ndipo wengi wanapoteleza. Chuo kikiandika kwamba nusu ya kati ya wanafunzi wake wana SAT ya 1400 hadi 1530, mtoto mwenye 1440 anafurahi kwamba yumo. Lakini wale waliopimwa ni akina nani? Kama wanne kati ya watano ni wakazi wa jimbo, basi kipimo hicho kimetengenezwa na wakazi. Anayetoka nje anashindania nafasi chache zaidi na wenzake wenye alama za juu zaidi, kwa hiyo namba ya kumtazamisha ni ile ya juu, 1530, na bado hiyo ni ya kumfikisha mlangoni tu. Jambo jingine: pale ambapo kutuma SAT ni hiari, wenye alama ndogo hawazitumi, na kipimo kinapanda chenyewe. University of California, kwa upande wake, haitazami SAT kabisa katika udahili. UT Austin iliifanya hiari kwa muda kisha ikairudisha kuwa lazima. Usichukue kanuni ya chuo kimoja ukaivika kingine.

Kuhusu California nina neno la ziada, kwa sababu utaratibu wao unawagusa watoto waliofika nchini wakiwa tayari wakubwa. Wanapokokotoa GPA, yaani wastani wa alama za sekondari, wanachukua masomo ya darasa la kumi na la kumi na moja. Mtoto aliyeingia darasa la tisa bila Kiingereza, akapata C na D akiwa bado anajifunza kusoma ubao, habebi alama hizo kwenye wastani huo, ingawa msomaji wa maombi huziona. Hawaombi barua za walimu. Wanaomba majibu manne kati ya maswali manane, kila jibu lisizidi maneno 350. Ila kiwango cha chini cha GPA kwa mkazi ni 3.0, kwa asiye mkazi ni 3.4, na asiye mkazi hapati pointi za ziada kwa masomo ambayo shule yake imeyaita ya heshima (honors), yaani magumu kuliko ya kawaida. Anazipata kwa masomo kama ya AP na IB, programu za kiwango cha juu zinazofundishwa sekondari. Mpaka wa jimbo umeingia hadi ndani ya hesabu ya wastani.

Kozi nayo ni mlango ndani ya mlango. University of Washington pale Seattle kwa ujumla hupokea waombaji wengi, karibu 40 katika 100. Mzazi akiona hivyo anasema, hiki ni chuo chetu cha uhakika. Lakini mtoto anataka sayansi ya kompyuta, na kozi hiyo hupokea wanafunzi moja kwa moja kutoka sekondari ikiwapa wakazi wa Washington kipaumbele. Wa nje wanaopata hawafiki watano katika mia. Kwa hiyo chuo kile kile ni rahisi kwa mtoto wa historia na ni mwamba kwa mtoto wa kompyuta. Uhandisi na uuguzi katika vyuo vingi ni hivyo hivyo.

Wazazi Waafrika huniuliza kama asili ya mtoto itamfaa. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kutumia rangi ya mtu kama kigezo cha udahili, na Chapel Hill ilikuwa mojawapo ya vyuo viwili katika kesi hiyo. California na Michigan zilikuwa zimeshapiga marufuku jambo hilo kwa kura za wananchi, 1996 na 2006. Mtoto bado anaruhusiwa kueleza katika insha maisha aliyopitia na yaliyomjenga. Aeleze ya kwake, kwa sauti yake.

Wako wanaoniambia: "Nitaomba vyuo kumi vyenye nafasi ya moja kwa kumi, kimoja hakikosi." Kinakosa. Hata kama kila chuo kingekuwa kete inayorushwa peke yake, uwezekano wa kupata angalau kimoja ungekuwa kama asilimia 65, yaani zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu angetoka mikono mitupu. Na vyuo si kete. Vyote vinasoma faili lile lile la mtoto. Kama hesabu za mtoto ziliyumba darasa la kumi na moja, zitaonekana Austin, Ann Arbor na Chapel Hill kwa pamoja. Tena ile moja kwa kumi ni wastani wa kundi. Yupo ndani yake mwenye nafasi ya nusu kwa nusu, na yupo ambaye hana kitu.

Nije kwenye fedha, ambako nimeona machozi mengi kuliko kwenye barua za kukataliwa. Pale Michigan ada ya mkazi kwa mwaka wa kwanza iko chini ya dola 20,000, ya asiye mkazi imepita 60,000, bado chumba na chakula. Tangu 2016 University of California haitoi ruzuku zake za mahitaji, zile zinazotolewa kwa kuangalia uwezo wa familia, kwa wanafunzi wa nje. Kwa upande mwingine, Chapel Hill na University of Virginia huahidi kuziba pengo kati ya gharama na uwezo wa familia hata kwa wanafunzi wa majimbo mengine, ilimradi wawe na haki ya msaada wa serikali ya shirikisho. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye kadi ya kijani wanajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada huo, kama raia. Anayeomba akiwa Nairobi au Mwanza kwa visa ya mwanafunzi hana haki hiyo. Huyo anatakiwa kuonyesha fedha kabla ya kupewa I-20, hati ya chuo ya kuombea visa, na katika vyuo vya umma misaada ya kumfaa ni michache mno. Kwake karatasi za uhamiaji zina uzito kuliko alama.

Ndiyo maana huwa nauliza habari za ukazi mapema. Majimbo mengi hutaka miezi 12 ya makazi ya kweli, na kwa mtoto anayetegemea wazazi kinachopimwa kwa kawaida ni makazi ya wazazi. Kuhamia jimboni kwa ajili ya masomo hakumgeuzi mtu kuwa mkazi. Lakini familia inayohama kwa sababu ya kazi iangalie kalenda: kuhama katikati ya mwaka wa mwisho wa sekondari kunaweza kumwacha mtoto hana jimbo linalomtambua. Na mipaka mingine ina daraja. Mkazi wa Minnesota, na huko Wakenya ni wengi, anaweza kusoma Wisconsin kwa ada ya makubaliano kati ya majimbo hayo mawili badala ya ada ya mgeni.

Yule mama na binti yake tulikaa saa mbili. Chapel Hill haikufutwa. Iliandikwa juu kabisa, na pembeni binti akaandika "1 kwa 10" kwa mkono wake mwenyewe. Chini yake vikafuata vyuo viwili vya majimbo mengine ambako alama zake ziko kwenye robo ya juu na kozi yake haina mlango wa pili, halafu viwili vya Kentucky, ambako yeye ndiye mtoto wa nyumbani na yule binamu wa Greensboro ndiye mgeni. Mama alicheka aliposikia hivyo. Kisha akauliza tarehe. Maombi ya mapema ya Chapel Hill hufungwa katikati ya Oktoba, ya California mwisho wa Novemba, na Georgia Tech wana duru ya mapema ya wakazi wa Georgia peke yao, kwa hiyo binti wa Kentucky asiichanganye na ya kwake. FAFSA kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Tuliyaandika yote kwenye karatasi ya friji, na juu yake tukaandika Julai, mwezi wa kufungua Common Data Set za vyuo vyote vitano.