Kali haikufichi: mfumo wa kupima usalama si mfumo wa faragha

Wengi wanaoanza hupakua Kali Linux wakitaka mambo mawili kwa mpigo: kujifunza kupima usalama wa mitandao, na kutojulikana wakiwa mtandaoni. La kwanza watalipata. La pili, Kali haikutengenezwa kwa ajili yake. Ilitoka Machi 2013 kurithi nafasi ya BackTrack, mfumo wa awali wa kazi hiyo hiyo, imejengwa juu ya Debian (mfumo huria wa Linux), na inakuja na zana za kazi kama Nmap (ya kuskani mitandao), Wireshark, Burp Suite na Metasploit. Pakiti zinazotoka humo hubeba anwani yako ya IP sawasawa na zinazotoka kwenye Ubuntu au Windows.

Washa Kali, ungana na Wi-Fi ya nyumbani, halafu fungua ukurasa wa ruta uangalie orodha ya vifaa. Katikati ya simu na televisheni utakuta kimoja kimeandikwa "kali". Kompyuta inapoomba anwani kwa ruta kupitia DHCP (utaratibu wa kugawa anwani za IP) hutaja na jina lake, na jina la kuanzia ndilo hilo. Kulizuia, andika:

nmcli connection modify "JinaLaWiFi" ipv4.dhcp-send-hostname no

Rudia kwa ipv6, kisha kata muunganisho na uunganishe upya.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la kuchanganya Nmap na Tor (mtandao unaoficha IP yako kwa kupitisha trafiki kwenye seva kadhaa) kwa kutumia proxychains, zana ya kuelekeza programu kupitia proksi. Mtu anawasha Tor, anaandika "sudo proxychains4 nmap" na anwani ya shabaha, majibu yanakuja haraka, naye anaamini amefichika. Hajafichika. Proxychains hufanya kazi kwa kuidaka programu pale inapoita connect(), yaani amri ya kufungua muunganisho, kwenye maktaba ya mfumo. Nmap ikiendeshwa kwa sudo huchagua yenyewe skani ya SYN, yaani -sS, ambayo hutunga pakiti moja kwa moja bila kupita kwenye connect(). Pakiti hizo zinatoka na IP yako halisi, wala hakuna onyo lolote kwenye skrini. Ping na UDP (trafiki isiyofungua muunganisho kwanza) nazo hazipiti Tor. Ukitaka skani ipite kwenye proksi kweli, ondoa sudo na utumie -sT (skani inayotumia connect()) -Pn -n (bila ping wala DNS) pamoja na milango (ports) michache tu, kwa mfano -p 80,443. Itakwenda polepole mno. Programu zilizoandikwa kwa Go nazo mara nyingi huikwepa proxychains, kwa kuwa haziitumii maktaba hiyo.

Tena, mpimaji mwenye kibali hana sababu ya kujificha. Mteja anatakiwa aijue IP yako mapema, ili timu yake iweze kukutofautisha na mshambuliaji halisi kwenye kumbukumbu za seva. Kibali kiwe cha maandishi, kitaje mifumo na tarehe. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina yake ya 2018. Zote mbili huhesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa.

Kama shida yako ni faragha, kwa mfano wewe ni mwandishi wa habari na unalinda chanzo chako, chukua Tails. Nayo ni Debian, ila imepangwa kinyume kabisa: kila muunganisho wa intaneti unalazimishwa kupita Tor, usioweza kupita unazuiwa, na kumbukumbu ya RAM hufutwa unapozima. Ndiyo maana kuendesha skani za Nmap humo ni kupoteza muda. Inahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, na kuanzia toleo la 7.0 inataka RAM ya GB 3. Haiwaki kwenye Mac zenye chipu za M1 na zilizofuata.

Ukiiandika kwenye flashi kwa amri ya dd, endesha kwanza lsblk, inayoorodhesha diski, utambue flashi yako kwa ukubwa wake. Andika kwenye kifaa kizima, mfano /dev/sdb, si /dev/sdb1. Ukiandika kwenye kizigeu (sehemu ya diski, kama sdb1) haitawaka, na ukikosea herufi umeifuta diski yako. Kabla ya hapo hakiki faili ulilopakua kwa njia iliyo kwenye tovuti ya Tails. Mafaili ya kubaki nayo yaweke kwenye hifadhi ya kudumu iliyosimbwa, na nywila yake iwe maneno matano au zaidi yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu.

Tatizo moja huwapata sana watu wa huku kwetu. Windows huweka saa ya ndani ya kompyuta kwa majira ya mahali, lakini Tails huisoma kama UTC (saa ya kimataifa). Kwa Nairobi au Dar es Salaam saa inakuwa mbele kwa saa 3, na ukitumia madaraja ya Tor (seva za kuingilia Tor zisizotangazwa hadharani) muunganisho unaweza kugoma kabisa huku Wi-Fi ikionekana nzima. Usihangaike kubadilisha daraja. Kwenye dirisha la kosa la Tor Connection bonyeza Fix Clock, chagua ukanda wa saa, weka saa sahihi, kisha unganisha tena.