Mazalia ya mbu wa malaria mjini

Mazalia ni maji yoyote yaliyotuama ambamo mbu hutaga, mayai yakawa viluwiluwi, na viluwiluwi wakakua hadi kuruka. Katika joto la Dar es Salaam shughuli hiyo huchukua kama wiki moja hadi mbili. Dimbwi la mvua linalokauka baada ya siku tatu halizai mbu. Linalobaki hadi mwezi uishe huzaa, na kinacholifanya libaki mara nyingi ni jinsi tunavyoitumia ardhi.

Mbu si wa aina moja. Wengi wanaotusumbua masikioni usiku katika mitaa iliyobanana ni kuleksi, wanaozaliana kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya maji meusi. Anofelesi, anayeeneza malaria, kwa kawaida hutafuta maji ya wazi yanayopigwa na jua, ingawa Dar es Salaam watafiti wamemkuta hata kwenye maji yaliyochafuka. Kwa hiyo mtaa wa katikati ya jiji unaweza kujaa mbu na bado ukawa na malaria kidogo kuliko mtaa wa pembezoni wenye mabonde na viwanja vitupu.

Angalia bustani za mabondeni. Mkulima wa matembele huinua matuta ili mizizi isioze, na kati ya tuta na tuta hubaki mfereji. Bondeni maji ya ardhini yako karibu, basi mfereji hujaa hata mvua isiponyesha. Maji hayaendi, samaki hawamo, jua linawaka. Ukiinama utawaona: kiluwiluwi wa anofelesi hulala bapa usoni mwa maji kwa kuwa hana mrija wa kupumulia, yule wa kuleksi huning'inia kichwa chini. Simlaumu mkulima, maana jiji zima linakula mboga zake. Anachohitaji ni msaada wa kuipa mifereji mteremko ili maji yatoke.

Mazalia mengine ni mashimo ya kufyatulia matofali, misingi ya nyumba zilizoachwa nusu, bomba linalovuja wiki nzima, na alama za magurudumu kwenye barabara ya udongo. Malindi, watafiti waliwakuta viluwiluwi hata kwenye mabwawa ya kuogelea yaliyotelekezwa. Mtaro uliojengwa kuondoa maji, ukizibwa na takataka, nao unakuwa mazalia.

Mwaka 2004 Dar es Salaam ilianzisha mpango wa kupambana na malaria mjini. Wakazi wa mitaa yenyewe walipewa kazi ya kukagua kiwanja kwa kiwanja, na baadaye kutia majini dawa iliyotengenezwa kwa bakteria wanaoua viluwiluwi. Kikwazo kimoja kilikuwa viwanja vyenye uzio na geti lililofungwa: mkaguzi hugonga, hafunguliwi, na maji ya ndani hubaki kama yalivyo.

Sasa amekuja anofelesi mwingine kutoka Asia, *Anopheles stephensi*. Alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na Kenya pia ameshafika. Huyu hahitaji bonde wala shamba. Huzaliana kwenye matangi, mapipa na maji ya kwenye maeneo ya ujenzi, katikati ya mji kabisa. Mahali penye mgao mrefu wa maji kila nyumba huweka pipa, na pipa lisilo na mfuniko unaobana linamtosha.