Je, wajua kwa nini mvua ya vumbi huacha tope, na jinsi ya kuliondoa kwa ndoo mbili za maji?

Mvua ikikatika tunatarajia kukuta vigae vimetakata na vioo vinang'aa. Lakini ipo mvua inayofanya kinyume: inaacha meza za nje, kingo za madirisha na boneti ya gari vikiwa na madoa ya hudhurungi yanayoelekea wekundu. Machi 2022 vumbi la jangwa la Sahara lilivuka bahari hadi Hispania, likaigeuza anga kuwa ya rangi ya chungwa, na mvua iliyonyesha ikateremka nalo na kupaka tope magari na mitaa.

Tone la mvua linaposhuka katika hewa iliyojaa vumbi huzoa chembe njiani. Hewa ya chini ikiwa kavu, sehemu ya maji ya tone hugeuka mvuke kabla halijatua, hivyo kinachofika chini ni maji machache yenye udongo mwingi. Ndiyo maana manyunyu huchafua kuliko mvua kubwa: mvua kubwa huleta tope na kuliondoa yenyewe, manyunyu huleta na kuliacha. Kisha tone lililotua hukauka haraka zaidi pembeni, na maji ya katikati hukimbilia huko kuziba pengo, yakibeba chembe. Maji yakikauka yote, doa linabaki na mviringo mzito pembezoni, kama ule wa kikombe cha kahawa mezani. Wekundu wake unatokana na oksidi za chuma, jamii ya kutu, zilizomo kwenye vumbi.

Kabla ya kushika kitambaa, ni muhimu kujua vumbi hilo limeundwa na nini. Kuna chembe za kwatsi, madini yale yale ya mchanga, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs yako kwenye 7 huku kioo cha kawaida kikiwa kwenye 5.5 hivi. Kuna pia udongo laini wa mfinyanzi, na mara nyingi chokaa. Kwatsi ndiyo inayokwaruza. Udongo wa mfinyanzi ndio unaonata: ukilowa huteleza na kusambaa, ukikauka hushikamana na kuingia katika kila kitundu. Hakuna mafuta hapo, wala uchafu wa kuoza. Kwa hiyo dawa ya kung'arisha nguo haina kazi ya kufanya kwenye tope hili, na siki ni hatari kwa marumaru, terazo na saruji ya kati ya vigae, kwa sababu asidi yake hula chokaa.

Kosa linalopoteza maji mengi ni kuanza na mpira wa maji. Mpira uliofunguliwa wote hutoa takriban lita 10 hadi 20 kwa dakika. Robo saa tu ni lita 150 hadi 300. Na maji hayo hayaondoi tope, yanalihamisha: linatoka kwenye vigae linaingia kwenye viungio vya vigae, kwenye mashimo ya kutolea maji ya fremu za madirisha, na kwenye mtaro, ambako udongo hutuama na kuziba. Mashine ya presha ya nyumbani hutumia kidogo zaidi, mara nyingi lita 6 hadi 8 kwa dakika, lakini hurusha tope ukutani na kung'oa mchanga wa viungio. Kwa kazi hii iache stoo.

Subiri kwanza. Angalia utabiri, maana vumbi mara nyingi huja kwa siku kadhaa mfululizo, na kusafisha kati ya wimbi moja na jingine ni kumwaga maji bure. Hewa ikishatulia, acha kila kitu kikauke kabisa. Tope lililokauka huwa unga, na unga hufagiliwa.

Vaa barakoa, kwa kuwa chembe hizi ni ndogo kiasi cha kuingia mapafuni. Anzia juu ushuke chini: turubai na miavuli, kisha kuta na kingo za madirisha, kisha meza na viti, sakafu iwe ya mwisho. Tumia brashi yenye nywele laini na mkono mwepesi, bila kukandamiza. Turubai za kitambaa hasa zisiguswe zikiwa mbichi, kwani ukisugua tope bichi unalisukuma ndani ya nyuzi na doa halitoki tena kirahisi. Kwenye reli za madirisha ya kusukuma, brashi kavu ya kupakia rangi na mashine ya kufyonza vumbi hufanya kazi ambayo maji hayawezi. Sakafu ifagie kwa mikupuo mifupi ukiielekeza kwenye kizoleo. Vumbi likitimka sana, lowesha kiganja kimoja cha maranda ya mbao, uyakamue, uyamwage chini na ufagie nayo. Yatalinasa vumbi bila kulifanya tope. Ulichokusanya kiende bustanini au kwenye pipa la taka, si mtaroni.

Sasa ndipo maji yanapoingia, na kilichobaki ni utando mwembamba tu. Ndoo mbili zenye lita 10 kila moja zinatosha baraza la kawaida. Ya kwanza weka maji na vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ukizidisha sabuni utalazimika kusuuza mara mbili, na akiba yote imekwenda. Ya pili ni maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Mpangilio huu ndio unaozuia kwatsi uliyoiondoa mezani isirudi mezani. Kitambaa cha nyuzi laini kikunje mara mbili, upate nyuso 8 safi. Kila uso ukichafuka geuza mwingine. Vuta upande mmoja tu kutoka juu kwenda chini. Kuzungusha mkono ndiko kunakochora michirizi.

Vioo vya madirisha vinataka subira kidogo. Vinyunyizie kwa chupa ya kupulizia, ngoja dakika mbili au tatu udongo ulainike, nyunyiza tena, ndipo ufute. Lita moja hutosha vioo kadhaa. Kwa gari sheria ni hiyo hiyo, na ni kali zaidi: usiwashe wipa kioo kikiwa kikavu, wala usipanguse bodi kwa kitambaa kikavu. Lile gome la juu la rangi ni laini kuliko kioo, na mikwaruzo yake haifutiki kwa sabuni. Lilowanishe kwa pampu ya mkono ya kunyunyizia, acha tope lidondoke, ndipo uguse.

Maji ya ndoo ya pili, kwa kuwa hayana sabuni nyingi, yanaweza kutumika tena ukijua fizikia yake. Chembe ya mikroni 20 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huzama sentimita 20 ndani ya dakika 10 hivi. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ya mikroni 2 huhitaji kama saa 15 kwa kina hicho hicho. Kwa hiyo iache ndoo ikae usiku kucha bila kutikiswa, asubuhi mimina ya juu taratibu kwa ajili ya kudekia sakafu, na utupe matope ya chini.

Na kama kuna mvua safi inayofuata, itegee chombo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, kwa hiyo paa la mita 20 za mraba likipata milimita 5 limekupa hadi lita 100. Maji ya mwanzo yaache yaende, ndiyo yenye vumbi la paa, kinga yanayofuata.

Paneli za sola zioshe alfajiri au jioni zikiwa zimepoa. Maji baridi kwenye kioo chenye joto kali yanaweza kukipasua, na maji yenye chumvichumvi yakikaukia juu huacha madoa meupe, kwa hiyo maji ya mvua uliyokinga yatumie hapo kwanza, kwa brashi laini yenye mpini mrefu, bila kukanyaga paneli.